Panya wa Upande wa Mama Sifa

Juzi jirani yangu alikaanga pilipili kavu bila kufungua dirisha, na nyumba zote za karibu zikaanza kukohoa. Wanangu walitoka nje mbio, wanacheka huku machozi yanawatoka. Mume wangu alibamiza mlango kwa hasira. Mimi nilibaki nimekaa. Pua iliniwaka na koo likanikwaruza, lakini ndani yangu kulikuwa na furaha, ile ya mtu aliyemwangusha adui yake na kumkanyaga shingo. Niliiogopa furaha hiyo. Nimepita miaka arobaini, ninasali, nina watoto wanaoniita mama, na bado harufu ya pilipili inayoungua inaniamshia hamu ya kuua.

Nitaeleza ilikotoka. Ninyi mliokuwa watoto Uvira wakati ule wa vita mtanielewa upesi, wengine mnivumilie.

Tulikaa upande wa juu wa mji, pale ambapo njia za magari zinaishia na mlima unaanza. Ukisimama mlangoni unaliona ziwa lote, na siku ambazo hewa ni safi unaona hata nyumba za Bujumbura zinang'aa ng'ambo. Ndani ya nyumba tulikuwa wanne. Kulikuwa na Koko, mama mzazi wa baba yangu, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba na mwendo wake wote ulikuwa kutoka mlangoni hadi uani na kurudi. Kulikuwa na mama, na mdogo wangu Faida ambaye bado alikuwa anatambaa, na mimi, Riziki, msichana wa darasa la nne katika shule iliyokuwa imefungwa.

Baba hakuwepo. Shamba letu lilikuwa Runingu, kule kwenye tambarare ya Ruzizi, na siku chache kabla njia haijakatwa alipanda baiskeli yake akaenda kuvuna karanga. Alimtanguliza mtu mmoja kwa miguu na kifuko cha karanga za mbegu, zile ndogo nyekundu, alizozichagua kwa mkono wake, pamoja na neno kwamba yeye atakuja nyuma na zilizobaki. Mtu yule alifika. Baba hakufika. Tulisikia milio ya bunduki upande wa tambarare siku tatu, kisha kimya, na kimya kile kikakaa nyumbani mwetu kama mgeni asiyeaga.

Mama hakulia mbele yetu. Alikifunga kifuko kile kwenye pindo la kikwembe chake akawa analala nacho. Mvua za kwanza ziliponyesha aliilima bustani ya nyuma ya nyumba, akang'oa lengalenga na nusu ya matembele, akapanda karanga za baba katika mistari iliyonyooka kama ya daftari. Alituambia kwamba zikizaa tutampa baba mbegu akirudi, maana hatakuwa na mbegu nyingine. Nilimwamini. Nilizipenda karanga zile kuliko nilivyompenda mdogo wangu.

Kati yetu na jirani kulikuwa na ua wa miyenzi, ule mti unaotoa maziwa yanayochoma macho. Upande wa pili alikaa Mama Sifa na mume wake na watoto wao wanne. Zamani tulikuwa tunaombana moto na chumvi, lakini mwaka mmoja kabla ya vita baba Sifa aliupanda ua ule upya, na mama akasema ameusogeza hatua moja ndani ya kwetu. Baba Sifa akakana. Mama Sifa akamtetea mume wake. Tangu hapo salamu zilikatika, na mimi nilikatazwa kucheza na Sifa ambaye tulikuwa tukikaa dawati moja. Watu wazima huchoka kuchukia, maana wana kazi nyingine. Mimi sikuwa na kazi nyingine. Nilikuwa nikipita karibu na ua ule ninatema mate.

Asubuhi moja, wiki chache kabla mama hajapanda, milio ilifika barabara ya chini. Watu walishuka ziwani wamebeba magodoro kichwani, kutafuta mitumbwi ya kwenda Kigoma. Sisi hatukuweza kwenda kwa ajili ya Koko. Mama alikuwa amekwenda kuteka maji nami nilikuwa nimesimama bustanini, niliposikia jina langu likiitwa. Mama Sifa alikuwa amesimama uani kwake, mzigo kichwani, mtoto mgongoni, wengine watatu wameshikana mikono. Mume wake alikuwa ameshatangulia njiani na anamwita. Aliniuliza mama yuko wapi, nikamwambia ameenda majini. Alitazama njia ya majini kwa muda, kama mtu anayepima kama ana nafasi ya kungoja.

"Basi umuambie hivi," alisema. "Vitu vya chini tunamuachia yeye. Asiache viharibike. Usisahau, mutoto."

Sikusahau, ila sikumwambia mama. Katika masikio yangu vitu vya chini vilikuwa takataka, vitu vya watu wa hali ya chini, mabaki. Niliona kwamba mwanamke yule, hata siku ya kukimbia risasi, ameacha safari yake asimame kidogo amtukane mama yangu. Nililimeza neno lile ili mama asiumie, na lilivyozidi kukaa tumboni ndivyo lilivyozidi kuchacha.

Siku ya nne baada ya kupanda, mstari wa kwanza wa karanga ulikutwa umefukuliwa. Haukufukuliwa ovyo kama kuku anavyochakura. Shimo, shimo, shimo, kila palipokuwa na mbegu, kana kwamba aliyefukua alikuwepo mama akipanda. Maganda mekundu yalikuwa yametapakaa juu ya udongo. Mama alichuchumaa akaanza kuyaokota, akayatia katika kiganja, akayatazama, wala sijui alitaka kuyafanyia nini. Koko alisema kutoka mlangoni kwamba hao ni panya. Alisema nyumba ikiachwa, panya ndio wanaoirithi, na wakimaliza ya kwao wanakuja kwa jirani.

Hapo ndipo nilipoelewa, au nilipodhani nimeelewa. Wanatoka chini ya ardhi. Wanatoka upande wa Mama Sifa. Vitu vya chini tunamuachia yeye. Kumbe hakuwa ametukana tu, alikuwa ametuachia jeshi.

Nilimwomba Koko anifundishe kuua. Alicheka, akaniagiza jiwe bapa na vijiti vitatu, akanionyesha namna ya kulisimamisha jiwe juu ya kijiti chembamba kilichopakwa mawese, na punje ya muhindi wa kuchoma katikati. Panya akigusa punje, jiwe linashuka. Asubuhi ya kwanza nilimkuta mmoja mnene, amebanwa nusu. Nilimshika mkia nikampeleka hadi kwenye ua, nikamfunga kwa uzi kwenye tawi la muyenzi, uso wake ukitazama nyumba ya Mama Sifa. Kesho yake nikamfunga wa pili. Nikaongeza mawe, nikaongeza ndoo iliyofukiwa hadi shingoni na maji nusu, na gunzi la muhindi linalozunguka juu yake. Ua ukajaa. Niliwapa majina. Mmoja alikuwa kizuizi cha barabara ya Runingu, mmoja baba Sifa, mwingine mtu aliyemuona baba asimwokoe, ingawa sikujua kama kulikuwa na mtu kama huyo. Askari mmoja aliyekuwa akipita njia ya chini alisimama, akautazama ua ule, akacheka na kuniita kamanda. Nilimchukia kama nilivyowachukia wote wenye bunduki, lakini jina lile nilitembea nalo siku nzima.

Kisha wakamgusa Faida. Tulimkuta asubuhi anacheza juu ya mkeka, anacheka peke yake, na mkeka una damu. Ngozi ya kisigino chake cha kushoto ilikuwa imeliwa, nyama nyekundu iko nje. Hakuwa amelia hata kidogo. Watu husema panya anauma huku anapuliza, usisikie maumivu mpaka amemaliza, nami nilikuwa nikidhani ni maneno ya wazee tu. Mama alimwosha kwa maji ya chumvi, na hapo ndipo Faida alipolia. Mimi nilitoka nje. Kulikuwa na panya mmoja mzima ndani ya ndoo, amechoka kuogelea. Nilimtoa, nikamfunika ndani ya sufuria, nikaanza kumuuliza maswali. Nilimuuliza kwa nini mtoto, kwa nini karanga za baba, nani amemtuma. Kila nilipomaliza swali nilimmwagia tone la maji ya moto. Koko alikuwa ananitazama kutoka kwenye kigoda chake, nami sikujua.

"Umuuwe, usimutese," aliniambia. "Ukimutesa, yeye anakufa, weye unabakia na ile."

Nilimuua, lakini si kwa sababu ya maneno yake. Maji yalikuwa yamekwisha.

Nusu ya karanga iliyosalimika iliota, ikafunga majani mazuri, ikatoa maua ya njano. Tuliilinda kama mgonjwa. Mama alipokwenda ziwani kuanika ndagala za watu, vile visamaki vidogo vya ziwani, ili apewe kidogo za kuturudia nazo, mimi nilikaa katikati ya mistari na fimbo hadi anarudi. Miezi ikapita, majani yakaanza kuwa ya manjano, na siku moja Koko akasema zimekomaa. Mama alimwita kila mtu aje aone. Hata Koko alisogea. Mama akashika shina la kwanza, akavuta taratibu, likatoka jepesi mno. Mizizi ilikuwa mitupu. Akavuta la pili, la tatu, la kumi. Juu kulikuwa majani, chini kulikuwa matundu na maganda yaliyotobolewa. Wakati wote nilipokuwa nimekaa na fimbo yangu juu, wao walikuwa wanakula chini ya makalio yangu.

Mama alikaa kwenye udongo. Kwa mara ya kwanza alilia mbele yetu, bila kujifunika uso, na nikajua kwamba halii karanga. Alikuwa ameacha kumngojea.

Kesho yake, mama alipokwenda ziwani, nilimwambia Koko kwamba nataka kuwamaliza wote. Hakunikatalia. Nadhani naye siku ile alikuwa na hasira, maana baba alikuwa mtoto wake. Aliingia ndani akatoka na pilipili zake kavu alizokuwa ametungia kwenye uzi, akaniambia nitafute chungu kilichotoboka chini na bua la jani la papai, lile ambalo ni tupu ndani kama filimbi. Unatia makaa ndani ya chungu, unatia majani makavu na pilipili, unafunika tundu la panya kwa chungu, halafu unapuliza moshi kwa bua. Matundu mengine yote unayaziba kwa udongo, unaacha moja, na hapo ndipo unasimama na mchi.

Bustanini mwetu kulikuwa na matundu matano. Niliziba matatu, nikaacha moja wazi, nikapuliza katika la tano hadi macho yakataka kutoka. Hakuna panya aliyetoka. Nilipoinua kichwa nikaona moshi mwembamba unapanda ng'ambo ya ua, ndani ya jikoni kwa Mama Sifa. Basi huo ulikuwa ushahidi wangu. Nilibeba chungu, mchi na beseni la maji ya kuwazamishia, nikapenya kwenye miyenzi. Maziwa ya ule mti yaliniunguza mikono na shingo. Koko aliniita, nikajifanya sikusikia.

Jikoni ile ilikuwa ya matete yaliyokandikwa udongo, na udongo ulikuwa umeshaanguka upande mmoja kwa kukosa mwenyewe. Juu ilikuwa na nyasi. Kuni walizoziacha zilikuwa zimepangwa vizuri ukutani. Katika pembe, sakafuni, palikuwa na tundu kubwa kama ngumi yangu, na moshi wangu unatoka humo. Niliweka chungu juu yake, nikaongeza pilipili, nikapuliza. Mara chini ya miguu yangu sakafu ikalia. Walikuwa wanakimbia, wengi, na kelele zao zilipanda kwenye nyayo zangu. Wakaanza kutoka kwenye tundu jingine karibu na kuni. Nilipiga. Nilipiga kila kilichosogea. Nilikuwa nakohoa, nalia kwa moshi, napiga, na sikumbuki siku nyingine ya utoto wangu niliyokuwa na furaha kiasi kile. Mmoja aliruka akanigonga gotini, nikarudi nyuma, nikakipiga chungu teke. Makaa yakaviringika hadi kwenye matete makavu.

Hili nataka kulisema bila kulizungusha. Moto ulipoanza ulikuwa mdogo kama kiganja cha mtu. Beseni la maji lilikuwa limejaa, karibu na mguu wangu. Niliutazama moto, nikatazama maji. Nikakumbuka hatua moja ya ua, nikakumbuka vitu vya chini, kisigino cha Faida, mama amekaa kwenye udongo. Nikayaacha maji mahali pake. Nilisema kwa sauti, "Muungue," nikatoka nje nikasimama kutazama mpaka nyasi za juu ziliposhika.

Majirani wachache waliobaki walikuja na ndoo, lakini hakukuwa na cha kuokoa ila nyumba kubwa, ambayo kwa bahati ilikuwa mbali kidogo. Mzee mmoja alisema ni askari, nani mwingine anachoma nyumba za watu? Wengine wakakubali. Nami, ambaye hakuna aliyeniuliza, nikasema ndiyo, nimewaona, walikuwa wawili. Koko alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. Alinitazama mikono iliyochubuka kwa maziwa ya miyenzi, kisha akaingia ndani.

Asubuhi iliyofuata majivu yalikuwa yamepoa, na kutoka mahali pale ilikuja harufu ya maharagi ya kukaanga. Koko ndiye aliyeinusa kwanza. Alimwomba mama amshike, akavuka upande wa pili kwa mara ya kwanza tangu ugomvi wa ua, hatua kwa hatua, anahema. Mama alipiga jembe pembeni ya sakafu na udongo ukazama. Chini yake kulikuwa na mitungi minne imefukiwa, midomo yake imezibwa kwa udongo wa mfinyanzi. Mmoja shingo yake ilikuwa imevunjika, na ndani yake hakukuwa na chakula tena, kulikuwa na kiota cha vitambaa vilivyotafunwa, panya wachanga waliokauka kwa moto, na maganda madogo mekundu ya karanga zetu. Mitatu mingine ilikuwa imejaa. Maharagi na muhindi, juu yameungua, chini mazima.

Koko aliuliza kama Mama Sifa aliacha neno lolote siku ile alipokwenda. Mama alisema hapana. Nililisema neno lile, lote kama lilivyokuwa, na lilipotoka kinywani mwangu nikalisikia kwa mara ya kwanza.

"Chini ni chini, mwana," Koko alisema taratibu. "Chini ya udongo."

Mama aliketi juu ya majivu. Hakunipiga, na ningependa angenipiga. Alisema tu kwamba mwaka mzima hawakusalimiana, na siku ya kukimbia mwanamke yule hakuona mtu mwingine wa kumuachia chakula. Ningalifikisha ujumbe, mitungi ingefukuliwa siku ileile, panya wasingepata kambi, na karanga za baba zingezaa. Hakuna aliyenieleza hivyo. Nilifika hapo mwenyewe, nikifuata njia kidogo kidogo kama nilivyofuata matundu.

Tulikula maharagi yale wakati ambapo upande wetu wa mji watu walikuwa wanachemsha majani matupu. Yalikuwa na ladha ya moshi. Koko alikiokota chungu changu kilichotoboka katikati ya majivu, akakivunja vipande kabla mama hajakiona, na jioni akaniambia hivi: "Hii utaisema weye mwenyewe. Minye sitakusaidia."

Miezi mingi ikapita kabla ya milio kutulia kidogo. Tulikuwa tumeshajua habari za baba. Mtu mmoja alimpeleka mama Runingu akamwonyesha mahali alipozikwa. Ndipo Mama Sifa akarudi kutoka Kigoma, na Sifa, na yule mdogo wa mgongoni ambaye sasa alitembea. Baba Sifa na watoto wawili walibaki kwenye makaburi ya kambi ya wakimbizi. Kipindupindu, alisema. Mama alipita kwenye ua, wakashikana mikono muda mrefu. Halafu mama akamwambia kwamba tumekula vyote vya chini. Mama Sifa akajibu kwamba ndivyo alivyotaka, ndiyo maana alimtuma mtoto. Mama alinitupia jicho, akaliondoa.

Kuhusu jikoni aliambiwa ni askari. Na hapo Mama Sifa, aliyekuwa hali wala hacheki, akapata kitu cha kushika. Kila asubuhi alisimama juu ya majivu yale yaliyoota majani akawaapiza. Aliapiza mikono yao, macho yao, matumbo ya wanawake watakaowaoa. Kipindupindu hakina sura, huwezi kukiapiza. Moto ulikuwa na watu. Siku moja aliniita, kwa sababu majirani walimwambia kwamba mimi niliwaona. Aliniketisha karibu naye, akanishika mkono kwa upole, akaniuliza walikuwa namna gani.

Ningeweza kusema sikumbuki. Lakini alikuwa ananitazama kama mtu mwenye kiu, nami nikampa. Mmoja mrefu, nikasema. Mwingine mfupi, ana kovu hapa, nikagusa shavu. Alirudia kila neno kwa sauti ndogo ili asilisahau.

Siku tatu baadaye nilimwona anatoka, amefunga kikwembe kiunoni kama mwanamke anayekwenda kupigana. Nilimuuliza Sifa mama yake anakwenda wapi. Sifa alisema amemwona sokoni askari mwenye kovu shavuni, na watu wamemwambia anakaa kwenye kizuizi cha barabara ya kwenda Makobola, na sasa anamwendea amuulize mbele ya wenzake. Sifa alilisema bila woga, kama habari ya kwenda kisimani. Mimi nilijua wanawake waliokwenda kuuliza mambo kwenye kizuizi hawakurudi na majibu.

Nilikimbia. Nilimkuta pale njia inaposhuka kukutana na barabara, karibu kabisa, tunawaona askari wamekaa chini ya hema lao. Nilimshika kikwembe kwa nyuma. Aligeuka akataka kunitoa mkono.

"Si askari," nilisema. "Ni minye. Nilikuwa naua panya."

Alisimama. Nilimweleza yote, haraka haraka, chungu, bua la papai, tundu, makaa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Hukuona moto?"

"Niliuona."

"Maji haikukuwako?"

"Ilikuwako."

Nilifumba macho nikangoja kofi. Halikuja. Nilipofumbua alikuwa anatazama kizuizini, kwa wale watu ambao sasa hawakuwa wamemfanyia kitu, na uso wake ulikuwa umevuliwa kila kitu.

"Weye ulikuwa na panya," alisema. "Minye niko na nani?"

Tulirudi, yeye mbele, mimi nyuma.

Kesho yake alikuja kwa mama akasema anajenga jikoni upya, anamtaka Riziki akanyage udongo. Sijui kama alimwambia sababu. Mama alikubali bila kuuliza. Alichimba shimo katikati ya uwanja wake, akatia udongo, nyasi zilizokatwa na maji, akanionyesha kwa kidole niingie. Nilikanyaga siku ya kwanza peke yangu, toka asubuhi mpaka miguu ikafa ganzi. Sifa alinitazama kutoka mlangoni, hakuruhusiwa kusaidia. Siku ya pili vilevile. Mama Sifa alipita na kurudi, anamwaga maji.

Siku ya tatu aliweka ndoo chini, akapandisha kikwembe chake juu ya magoti, akaingia shimoni pamoja nami. Alianza kukanyaga. Si kama watu wanavyokanyaga udongo wa kukandika, alikanyaga kwa visigino, kwa nguvu, meno yamekazwa, na udongo ukaturukia hadi usoni. Nilitaka kutoka nimpishe. Alinishika bega akanizuia. Basi nami nikaanza kukanyaga kama yeye. Tulikanyaga hivyo, tukisukumana na kushikiliana tusianguke, na nilipomtazama alikuwa analia, lakini miguu haikusimama.

Tulikanyaga mpaka udongo ukawa laini kuliko udongo wowote unavyohitaji kuwa. Kisha alitoka, akajaza mikono yote miwili, akaenda kuupiga kwenye matete ya ukuta mpya.